Kapu la Bi Munjia

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo namkumbuka jirani yangu, Bi Munjia Zwari, wa hapa hapa Bizerte. Amefariki Jumatatu ya wiki iliyopita, akiwa na miaka sitini na mitatu. Mumewe wengi mnamjua. Ni wakili Tijani Zwari, kiongozi wa upinzani aliyehukumiwa kifungo cha miaka kumi na miwili kwa hotuba moja. Huyo mnamjua. Mimi nataka mumjue aliyembebea kapu.

Kwetu mfungwa hula kwa kapu la nyumbani. La Bi Munjia lilikuwa la Jumatano. Miaka minne, kila Jumatano, halikukosa hata mara moja. Alipanda basi la alfajiri, akapanga foleni kwenye geti la gereza na wake wengine wa wafungwa. Mifupa hairuhusiwi. Kokwa haziruhusiwi. Basi kila Jumanne ungemkuta mlangoni pake, kisu kidogo mkononi, anatoa kokwa za tende moja moja, huku akimgombeza mume asiyekuwepo.

"Nilikwambia ufupishe, Tijani! Mtu gani anahutubia saa nzima?"

Sisi tulicheka. Yeye hakucheka.

Jumatatu hiyo moyo wake ulisimama, akiwa jikoni. Kesho yake tukamzika. Familia iliomba Bwana Tijani aje kumzika mkewe. Ombi likakataliwa, na yeye mwenyewe hakuambiwa kitu. Nimekasirika, wasikilizaji, sitawaficha.

Rim, binti yao wa pekee, akatukusanya majirani. "Baba moyo wake mbovu. Sitaki asikie kwa askari. Ijumaa ni siku ya kuonana, nitamwambia mwenyewe. Mpaka hapo kapu liende kama kawaida. Likikosa tu, atajua."

Liende, sawa. Lakini na nini ndani? Nyumba yenye msiba haiwashi jiko siku tatu. Majirani ndio hupika. Basi tukapika. Hajja Saluha akaleta kuskusi. Bi Nefisa akaleta mchuzi wa maharage. Mimi nikaleta saladi yangu ya pilipili za kuchoma. Kila mmoja na bakuli lake, tukajiona werevu kweli kweli. Hakuna aliyefikiri. Hata mimi sikufikiri.

Jumatano getini askari alifunua mabakuli, akachokoachokoa kwa kijiko. "Aa, leo vyombo vitatu! Kwenu kuna harusi nini?"

"Ndiyo, kaka," Rim akamjibu. "Harusi."

Ijumaa akarudi. Kabla hajaingia kumwona baba yake, akarudishiwa kapu. Akalifungua pale pale kwenye foleni. Mabakuli matatu, yameoshwa yakatakata. Na ndani ya kila bakuli, tende moja isiyo na kokwa.

Kwetu bakuli la jirani halirudishwi tupu. La nyumbani kwako hulirudisha hivi hivi, la jirani hapana. Bwana Tijani aliona mabakuli ya majirani watatu, akajua jiko la nyumbani kwake halijawashwa, na aliyekuwa akiliwasha hayupo tena. Alijua tangu Jumatano. Siku mbili amekaa na msiba huo peke yake.

Rim aliniambia: "Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Baba akakaa nyuma ya kioo, akashika simu, akanitangulia. 'Pole, mwanangu. Na huyo wa kuskusi mwambie chumvi imezidi, mama yako angemsema.' Halafu akalia. Sijawahi kumwona baba akilia."

Rim, mwanangu, pole. Bwana Tijani, pole sana. Ukoo wote wa Zwari, poleni. Mungu amrehemu Bi Munjia. Nanyi wasikilizaji wapendwa, mtaani kwenu yuko mke au mama anayebeba kapu kama lile. Mara ya mwisho mlimbishia hodi lini?

Tende zile Bi Munjia alizitoa kokwa kwa mkono wake, Jumanne yake ya mwisho. Mumewe alikuwa bado anazo, akatugawia. Yangu iko hapa, mbele ya kipaza sauti. Sijaila.

Bwana Tijani, kama huko ndani redio inashika: bakuli limefika.