Jibu la Kokuhirwa Kabla ya Saa Sita

Ukungu ulikuwa bado umeulalia mji mdogo wa Omurushaka, Karagwe, Mzee Byabato wa kijiji cha Ihanda alipoketi kwenye benchi la Adventina, muuza kahawa, simu kaikumbatia kifuani. Bintiye Kokuhirwa, profesa wa kompyuta, alikuwa amemwandikia: chuo anakofundisha kinamtaka awe makamu mkuu, na kampuni aliyoifanyia kazi zamani inamwita arudi. "Baba, nishike kipi? Wote wanataka jibu kabla ya saa sita mchana." Tangu hapo mzee alikuwa akimwona bintiye akilini anatembea juu ya mawingu, yeye chini akimwonyesha njia asiyoijua. Aliogopa, akalileta swali kijiweni.

— Kampuni! — alisema Spana, fundi baiskeli. — Huko ndiko kompyuta zinakozaliwa. Ama mnadhani zinachipua kama migomba?

— Chuo! — akadakia Wakili, aliyepewa jina hilo kwa kutoa ushahidi mahakamani mara moja tu. — Makamu mkuu hagusi kompyuta. Anakohoa, inaandika yenyewe.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, — alisema Spana. Kiti kirefu vile, cha mvunguni atakionaje?

— Mshika mawili moja humponyoka. Basi ashike matatu! — akajibu Wakili.

— La tatu lipi?

— Tutalitafuta. Hata mvua siku hizi inaongozwa na kompyuta, bwana. Akae huko kwenye kompyuta aielekeze Karagwe.

Byabato hakuwa nao tena. Alimwona Kokuhirwa mdogo kwenye mkeka wa kahawa, akiwafundisha watoto wa jirani kutenga buni nyekundu na mbichi, akicheka.

Mama mmoja aliyekuwa akiwasikiliza huku akisubiri gari la kwenda Kyerwa akasogea kununua kikombe.

— Shikamooni, wazee. Samahani, binti mwenyewe anapenda nini?

Byabato aliona haya kweli: shule alimchagulia yeye, masomo pia, wala hakuwahi kuuliza. Akapiga simu.

— Mwanangu, wewe unapenda nini?

— Kufundisha, Baba. Wale wa mwaka wa kwanza, wanaoogopa hata kuwasha kompyuta. Ninao sasa hivi, wananisubiri darasani. Lakini nikikataa yote mawili, hapo kijiweni utawaambia nini?

Byabato akawatazama wenzake, masikio yamewasimama.

— Nenda kawafundishe, mwanangu. Hawa nitawaambia kahawa imekwisha.