Mama Waya na Fomu Aliyoisaini Mapema

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka fundi aliyesuka mota, yaani kuzifunga upya nyaya zilizoungua, kwa miaka thelathini na moja. Feni, pampu za maji, mashine za kusaga: kikiungua chochote, kilipelekwa kwake. Tulimwita Mama Waya. Mimi mwenyewe nilimpelekea feni ya hapa studio. Akaigeuza, akanitazama. "Mtangazaji, hii imekufa kwa vumbi. Usiusingizie umeme." Niliondoka nimenywea.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye harufu ya vanishi, na wafanyakazi watatu. Mmoja ni dada aliyefanya naye kazi miaka kumi na minne. Mama Waya alimwita Binti, ingawa Binti huyo ni mama wa watoto wawili.

Mwaka jana zikaanza kuletwa pampu za kisasa, zinazoendeshwa na kompyuta ndogo ndani. Mama Waya hakuziweza. "Kazi inanipita huku naiona," alimwambia mdogo wake. Ndipo akasikia kuhusu ruzuku: mwajiri mdogo akipeleka mfanyakazi mafunzoni, serikali inalipa sehemu kubwa ya ada. Akaomba. Akakataliwa, eti wafanyakazi wake hawana barua za ajira. Jamani, katika chumba kimoja nani anaandikiana barua? Akaziandika zote kwa mkono, akaomba tena. Akapata nafasi moja, akampa Binti. Mafunzo ya wiki sita, mji mwingine. Na sharti, wasikilizaji, lishikeni hili: anayekosa siku tatu, nafasi imepotea.

Wiki hiyohiyo daktari alimwambia ini lake limeharibika. Hana miezi miwili.

Alimwambia mdogo wake tu. Binti hakuambiwa. Mama Waya alimsindikiza hadi kituo cha basi, akamtania: "Ukirudi bila cheti, utafagia karakana mpaka ustaafu." Kisha akawageukia mafundi wawili waliobaki. "Atakayempigia simu kwamba naumwa, asikanyage hapa tena."

Binti alipiga simu kila Jumapili. Mama Waya alipokea akiwa kitandani. "Nina kazi, sema haraka."

Alifariki Jumatano ya wiki ya sita. Binti alimaliza mtihani Ijumaa.

"Nilishuka na cheti mkononi, nikakuta viti vimepangwa uani," Binti ameniambia. "Nilikasirika. Hata sasa nimekasirika. Ningejua, ningerudi."

Angerudi, wasikilizaji. Mama Waya alilijua hilo.

Ruzuku ile humtaka mwajiri ajaze fomu nyingine mafunzo yakiisha. Binti aliikuta kwenye droo, chini ya koleo. Swali la mwisho linauliza: Je, mfanyakazi amerejea kazini? Mama Waya alikwisha kuweka alama kwenye Ndiyo. Sahihi yake ipo, imetetemeka. Tarehe tu ndiyo aliiacha wazi.

Kwa mdogo wake, kwa Binti, kwa mafundi wale wawili: poleni sana. Nimeumia nanyi. Na wewe mwenye karakana, mwenye saluni, mwenye cherehani mbili barazani, mtazame anayefanya kazi kando yako. Jiulize atabaki na nini siku usipokuwepo.

Jumatatu asubuhi Binti alifungua karakana. Kabla ya kugusa pampu yoyote alichukua kalamu, akaandika tarehe.