Injini Mbili za Shangazi

Benchi letu liko kati ya gereji na duka la mshonaji, na ukinywa kahawa hapo lazima uinywe na ubishi. Mimi nashona viatu pembeni, kwa hiyo hakuna upuuzi unaonipita. Jana mchana palichemka. Shangazi, anayetuuzia kahawa, alikuwa apande ndege kwa mara ya kwanza maishani, aende ng'ambo kumbeba mjukuu wake wa kwanza. Begi tayari, kitenge kipya tayari. Ila Spana, fundi wa magari, akamwambia ndege yenyewe ina injini mbili tu. Basi mama wa watu akalikalia begi, akasema haendi.

— Mbili tu, Spana? Na bahari yote ile?

— Ndiyo hivyo, Shangazi. Zamani madege makubwa yalikuwa na nne. Penye wengi hapaharibiki neno!

Mkasi, mshonaji, akaruka.

— Acha kumtisha! Nne zinakunywa mafuta kuliko wewe unavyokunywa kahawa ya bure. Ndiyo maana wanaziegesha. Mbili za siku hizi zina nguvu, zinafika kulekule kwa mafuta machache. Na moja ikizimika, ya pili inakufikisha uwanjani. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi!

— Ikizimika? — Shangazi akashika kifua. — Koleo gani huko angani, wewe?

— Sikiliza basi! Hizi mpya hata mwili si bati tupu. Ni nyuzi zimefumwa, zikagandishwa kwa gundi. Kutu haizijui. Shangazi, unapanda nguo!

— Nguo? — Spana akadakia. — Na ikinyeshewa ikajikunja je?

Hendibreki, dereva mstaafu wa lori, akagonga benchi.

— Hamjui kitu! Ndege haizeeshwi na miaka, inazeeshwa na kupaa na kutua. Ikipaa inavimba, ikishuka inanywea. Ya safari ndefu hutua mara chache, ndiyo maana hudumu. Mpanda ngazi hushuka!

— Basi isitue kabisa! — Mkasi kashasimama. — Ikae hukohuko juu, idumu milele!

— Na abiria?

— Watazoea!

Nilicheka hadi sindano ikanichoma kidole. Kumbe Shangazi analia.

— Mjukuu nitamwona kwenye simu — akasema.

Iliniuma jamani, nikawakasirikia wote watatu.

Mara mdogo wake Shangazi akafika na teksi. Akamwona dada yake juu ya begi, akatutazama mmoja mmoja.

— Nani kati yenu amewahi kupanda ndege?

Spana akaanza kujifuta grisi. Hendibreki akakohoa. Mkasi akanywa kikombe kitupu.

— Ala! — Shangazi akasimama. — Yaani nimkose mjukuu wangu kwa ajili ya watu ambao hata ngazi ya ndege hawajaigusa?

Akanikabidhi birika.

— Kahawa imeisha. Lioshe vizuri, na usimpe Spana, atatia oili.

Teksi ikaondoka naye, begi na kitenge kipya. Giza lilipoanza kuingia, dege kubwa likapita juu yetu. Tulisimama wote, tukapunga mikono tukipiga kelele, mpaka likapotea.

— Injini zilikuwa ngapi? — Hendibreki akauliza.

Hakuna aliyehesabu.