Taa ya Injini na Mke Aliyegoma

Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, nikiwa ndani ya basi, niliwasikia wazee wawili wasiojuana wakizungumza mbele yangu. Mmoja alilalamika kuwa taa ya injini haizimiki kwenye dashibodi ya gari lake, na mkewe ameapa kutolipanda, hata kwenda harusi ya binti yao Jumamosi. "Plagi mpya, oili mpya, bado inanikodolea macho!"

Mwenzake, dereva mstaafu wa lori, akauliza, "Kifuniko cha tangi la mafuta je?"

"Kimelegea. Nakikaza kwa kipande cha nailoni."

"Nailoni! Mvuke wa mafuta unavuja, mzee mwenzangu, na kwa taa hiyo gari linakushtaki. Nunua kifuniko kipya."

"Ndivyo anavyosema mke wangu tangu mwaka jana."

"Kumbe shemeji ndiye fundi! Sasa kinachokuzuia ni nini?"

"Hicho hicho: kwamba fundi ni yeye."

Nilitazama dirishani, kwani si adabu kucheka mazungumzo usiyoalikwa. Basi likasimama mbele ya duka la vipuri. Mzee mwenye gari akainuka, akaketi, akainuka tena. Mimi nilishuka, sikuona zaidi.

Ewe msomaji, mfikishie haya kila mwenye gari, hasa mwenye mke.