Historia ya Gari la Jovitus, Aliyeijua Dunia kwa Mita Mia Nne

Ndugu waombolezaji, wafanyabiashara wenzetu wa masoko ya Xiaobei na Shahe, na wewe shemeji yetu Jovitus uliyeketi hapo mbele na kitambaa chako, familia imemtuma msomaji wenu Salvatory, kaka yake Albina, awasomee maisha ya huyu aliyetukusanya leo Jumapili, tarehe 16 Novemba 2025, katika mgahawa wa Bi Muzdalifa, barabara ya Huanshi Zhonglu, hapa jijini Guangzhou. Wapo watakaouliza tangu lini gari likawekewa msiba. Mfiwa amelia wiki nzima, hanyoi ndevu, chakula anakitazama tu, mpaka mkewe Albina akasema kama ni msiba basi uwe msiba kweli, isomwe historia, watu wale, matanga yaanuliwe, na baada ya hapo asisikie tena mtu mzima akiguna usingizini kwa ajili ya mabati. Albina ndiye aliyeyasema haya yote, msomaji ameyaandika tu, na pale yalipozidi ukali yamepunguzwa kwa heshima ya mwenye mgahawa.

Marehemu alizaliwa mwezi Machi mwaka 1973 kiwandani nchini Japani, akiwa gari dogo la milango miwili, rangi ya maziwa, mwenye afya njema na adabu zake, na familia imeona si vizuri kulitaja jina la waliomzaa, kwa kuwa walimtengeneza vizuri na yaliyofuata hayawahusu. Mwaka huohuo alipelekwa Hong Kong, akalelewa na daktari wa meno aliyekwenda naye kazini na kurudi, na inasemekana miaka ile alijua kukata kona, kusimama kwenye taa, na kubeba watu wanne pamoja na miavuli yao. Laiti angefia huko, leo tungekuwa tunamsifu. Lakini daktari alizeeka, marehemu akapita mikono mingi, akaishia hapa Guangzhou, kwenye uwanja wa vyuma chakavu huko Baiyun, chini ya turubai.

Kwa kawaida elimu hutangulia ndoa, ila marehemu alianza na ndoa. Siku ya Jumamosi, tarehe 20 Oktoba 2018, Jovitus aliondoka asubuhi kwenda Baiyun kutafuta mashine ya kufungia mabelo ya nguo, jioni akarudi amekaa ndani ya lori, na juu ya lori yuko marehemu. Ieleweke kwamba Jovitus alikuwa na ndoa yake takatifu, iliyofungwa Bukoba tarehe 14 Agosti 2010, na kwamba ndoa hiyo ilikwishajaliwa binti mmoja, Goodness, aliyezaliwa mwaka 2013 na kulelewa na bibi yake hukohuko Bukoba. Kanisa halitambui mke wa pili, na wenye barabara nao hawakumtambua, maana hapa marehemu hakupata namba ya usajili mpaka anaingia kaburini, hakukanyaga barabara ya mji huu hata siku moja, na kila alikokwenda alibebwa na lori, gari limepanda gari, na mumewe anatembea mbele akiwapungia watu mkono.

Elimu aliipata katika gereji ya fundi Lao Chen, kuanzia Januari 2019, na ilikuwa elimu ya kuondolewa alichokuwa nacho. Viti vya nyuma viling'olewa ili apungue uzito, kiti cha abiria kikafuata, pua ikainuliwa juu kama anayenusa pilau ya jirani, nyuma akavishwa matairi mapana kuliko yeye mwenyewe, boneti ikatobolewa ukachomekwa mdomo mkubwa wa bati wa kuvutia hewa, na ekzosi ikakatwa ili walio mbali nao wapate kero. Alipohitimu alikuwa amesahau kona, maana mbio alizosomea ni zile za zamani, za kwenda mbele moja kwa moja mita mia nne na kusimama, safari ambayo mtu mwenye haraka angeweza kuimaliza kwa miguu bila kumsumbua jirani. Lao Chen alipoulizwa kama marehemu atashinda alijibu *mei you*, yaani hakuna, kisha akaendelea kumkaza nati. Kile kiti cha abiria Albina alikiokota jalalani, akakifuta, akakiweka dukani kwake Shahe, na amekikalia mpaka wiki hii, na katika mwili mzima wa marehemu hicho ndicho kiungo pekee kilichowahi kumsaidia mtu.

Kazi ya marehemu ilikuwa kushindwa. Alishindwa kwenye uwanja wa ndege wa zamani usiotumika, nje ya mji, mbele ya chama cha wanaume wenye vitambi waliovaa majaketi ya ngozi kwenye joto la Guangzhou, wakaitana mabingwa, wakapigana picha. Alishindwa na magari ya umri wake, akashindwa na magari yaliyomzidi umri, na mwezi Juni mwaka jana akashindwa na pikapu ya kubebea mboga iliyokuja kuuza matikiti na kuombwa ijaze nafasi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wale mabingwa walimsifu Jovitus kila aliposhindwa, naye akarudi gereji.

Marehemu hakujaliwa watoto, ila alikaa juu ya haki ya mtoto wa mwenzake, na hapa familia inaomba utulivu. Jovitus aliondoka Bukoba Januari 2018, akiwa amechinjiwa ng'ombe na kuaga kwa hotuba, akiahidi kwamba akirudi atajenga ghorofa kando ya barabara kuu, na msingi wa ghorofa hiyo sasa ni malisho ya mbuzi. Tangu siku ile hajakanyaga nyumbani. Albina huenda kila mwaka na kurudi, yeye husema mwakani, na marehemu alipoingia nyumbani maneno yakabadilika, ikawa siku gari hili litakaposhinda hata mara moja, siku hiyo wanafunga mizigo na kurudi jumla. Basi mwone Albina, aliyemchukia marehemu kuliko mtu yeyote duniani, akimwashia mshumaa kanisani kila kabla ya mbio, mke anamwombea ushindi mke mwenza, na mke mwenza hajui hata kuombewa.

Mwaka juzi Jovitus alimpigia Goodness simu ya video, akamwonyesha marehemu nje na ndani, injini, usukani, matairi. Mtoto akatazama, kisha akauliza, "Baba, na mimi nitakaa wapi?" Jovitus alisema mtandao ni mbaya, akakata simu, na mtandao ulikuwa mzuri.

Ugonjwa wa marehemu haukuwa mrefu, na chanzo chake ni sisi wenyewe. Kila mmoja hapa anajua kwamba mchuuzi wa Guangzhou hawezi kuvumilia kuona nafasi tupu ikisafiri, sufuria hujazwa vijiko, friji hujazwa mashuka, kiatu hakipandi meli bila soksi ndani. Siku ya Jumamosi, tarehe 8 Novemba 2025, lori la kumpeleka marehemu mbioni lilikuwa linapitia bandari ya Huangpu, Jovitus akaona haiwezekani lipite bure, akamjaza soksi za watoto za kupeleka kwa wakala wetu Burhani, akajaza buti la nyuma, akajaza sakafu mahali palipokuwa na viti, na mkono wake uliozoea ukamalizia kwa kushindilia pakiti mbili ndani ya ule mdomo wa bati kwenye boneti. Huangpu walishusha zote, isipokuwa hizo mbili.

Bendera ilipoangushwa marehemu aliruka, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akawa mbele. Walioshuhudia wanasema nusu ya njia aliongoza peke yake, Jovitus ndani anapiga kelele, na Albina, aliyekuwa amekwenda kwa mara ya kwanza, akasimama na kushika rozari. Karibu na mstari wa mwisho injini ikavuta pumzi kubwa, soksi zikaingia kwenye kabureta, ikapiga chafya ya moto, boneti ikawaka, na marehemu akazimika akiwa amebakiza kipande ambacho mtoto angekiruka. Jovitus alitoka salama, akiacha nyusi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ijumaa iliyopita mfiwa alikuja dukani Shahe, akamkuta Albina amesimama anahudumia mteja, akakaa kwenye kile kiti cha abiria. Mteja alipoondoka akasema, "Mama Goodness, twende nyumbani. Sina tena pa kujificha." Albina alikuwa na maneno aliyoyaweka akiba miaka yote hiyo, makali na yaliyopangwa vizuri, na aliyaacha hukohuko akibani. Alimpa selotepu na mkasi, wakaanza kufunga mabelo.

Familia inatoa shukrani kwa Lao Chen, aliyemtibu marehemu bila kumdanganya na ambaye ameichukua injini, maana kufa kufaana, kwa majirani wa gereji waliovumilia kelele, kwa Bi Muzdalifa kwa chai na maandazi, na kwa mabingwa waliofika na majaketi yao, ambao sasa wanaombwa wayavue ili wale chakula. Jovitus na Albina wanaondoka Alhamisi, tarehe 27 Novemba, matanga yataanuliwa Bukoba, kwenye ule msingi wenye mbuzi, na mfiwa atanyolewa huko mbele ya waliomchinjia ng'ombe. Kiti kimetangulia kwa meli, kimefungwa na Albina mwenyewe, na amehakikisha hakuna soksi ndani.

Goodness amepata pa kukaa. Nawe uliyetuchelewesha, pumzika kwa amani, na parapanda ikilia, usiamke.