Dole Gumba Juu ya Kioo

Marehemu, tuliyezoea kumwita Mzee Dole, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa tatu wa fundi viatu.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani hapo hadi mwaka 1965. Siku moja alimchora mwalimu mkuu ubaoni, akachapwa. Kisha mwalimu huyohuyo akakataza ubao usifutwe wiki nzima. Baadaye alijifunza kazi kwa mchora mabango mmoja, mtu wa mdomo mchafu na mkono msafi.

Mwaka 1974 alifungua karakana yake, na mwaka 1988 akashiriki kuanzisha chama cha wachoraji. Jina la Dole alilipata huko. Kila picha iliyoletwa aliipitishia dole gumba. Rangi ikimkwaruza, alisema, "Hii imechorwa." Isipomkwaruza, mwenyewe aliondoka nayo. Ikawa desturi ya chama: mwanachama akifariki, picha ya sura yake hutangulia jeneza, na wenzake huipitishia dole kabla ya kulibeba.

Alifunga ndoa na Mama tarehe 12 Agosti 1978. Walikutana akipaka mlango wa duka la dawa alikofanya kazi Mama. Alimwomba aguse kama rangi imekauka. Haikuwa imekauka.

"Na gauni langu je?"

"Nitalifua."

"Leo tu?"

"Hata uzeeni."

Mama anasema hakulifua hata mara moja.

Binti yao, mtoto wa pili, alirithi mkono wa baba yake, lakini akachagua kuchora kwenye tableti. Hapo nyumba ikawaka moto.

"Mashine inakuchorea, sifa unachukua wewe!"

"Mashine haiujui uso wako, Baba. Ninayeujua ni mimi."

Mwaka 2019 chama kilizikataa picha zake, na kura iliyoamua ilikuwa ya baba yake. Tangu hapo walisalimiana kupitia kwa Mama.

Mwaka 2022 mikono ya Mzee ilianza kutetemeka, brashi ikagoma kumtii. Binti alirudi nyumbani kumuuguza, na akawa anamchora akiwa kitandani. Januari mwaka huu alimwekea mapajani tableti yenye picha hiyo. Mzee, kwa mazoea tu, akapitisha dole gumba. Kioo kilikuwa laini, ila chini ya dole ukatokea mchirizi mwekundu, kutoka begani hadi ukingoni, ukitetemeka vilevile kama mkono wake.

"Baba, umeiharibu! Ngoja nifute, ni kubonyeza tu."

Mzee akamkamata mkono. "Usiguse. Huo wangu."

Akaligeuza dole, akalitazama. Lilikuwa safi.

"Rangi iko wapi?"

"Iko kwenye picha, Baba."

"Basi imefika."

Muda si mrefu sauti ikamkauka, na hayo hakuyasema chamani. Alifariki nyumbani kwa homa ya mapafu, alfajiri ya Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake.

Jana jioni, katika kikao cha mazishi, mwenyekiti wa chama, rafiki yake wa tangu ujana, alisimama. "Picha ya mashine ikitangulia, sisi hatubebi. Dole tunamjua."

Aliyejibu ni Mama: "Shemeji, kesho njoo na dole lako."

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na wanafunzi waliotapakaa kila mahali penye ukuta.

Picha iko hapa mbele. Imechapwa kwenye karatasi, na haikwaruzi popote. Mchirizi ule mwekundu begani ni kazi ya mwisho ya Mzee Dole, na haujafutwa. Wenzake wa chama, jeneza linawasubiri.

Apumzike kwa amani, na mkono wake utulie.