Pumzi Kumi na Sita kwa Dakika

Mbele ya kibanda cha Fundi Saa kuna benchi la mbao lenye miguu mitatu yake lenyewe na wa nne wa tofali. Wanaokaa hapo kila asubuhi ni watatu. Wa kwanza ni Fundi Saa, ambaye jina lake linamstahili, kwa kuwa hatengenezi kitu kingine chochote. Wa pili ni kinyozi aitwaye Mkasi, ambaye jina lake halimstahili hata kidogo, maana mkasi aliuweka kando zamani na sasa ananyoa kwa mashine. Wa tatu ni Karani, aliyestaafu ukarani mwaka jana, lakini hakuna aliyeona sababu ya kumwita vinginevyo. Kahawa ni ya Fundi Saa, vikombe ni vitatu, na mtu wa nne akija husubiri mmoja amalize. Jumamosi hiyo Karani alifika amevaa koti, daftari kwapani, akaketi bila kuuliza habari za nyumbani kwa mtu. Wenzake wakajua kwamba siku yenyewe ndiyo hiyo.

Karani alikuwa amepika bia. Alitaka iitwe bia, si pombe, kwa sababu kwake pombe lilikuwa jina la ukoo mzima na bia ni mtu mmoja tu katika ukoo huo. Miaka thelathini na moja alikuwa amegonga mihuri kwenye karatasi za watu wengine, na sasa alitaka atengeneze kitu kimoja kwa mikono yake kabla macho hayajamwisha. Alianza kidogo, kama anavyoshauriwa mtu anayeanza: lita kumi, dumu moja. Dumu aliliosha mara tatu kwa maji ya moto. Alipomaliza kupika akaliweka stoo, akalifunga kabisa, isipokuwa tundu moja kwenye mfuniko lililopitisha mrija mwembamba. Ncha ya mrija aliizamisha kwenye kikombe cha maji, ili hewa ya ndani itoke na ya nje isiingie. Siku ya tatu kikombe kikaanza kutoa mapovu, na Karani akatembea mtaa mzima kama mtu aliyejaliwa mtoto.

Siku ya tano mkewe akafungasha.

Hakugomba. Alisema tu kwamba mapovu yale hayaendi kama mapovu. Yanakwenda, yanatulia, yanakwenda tena, kama mtu aliyelala usingizi mzito chumba cha pili, na yeye hawezi kulala nyumba moja na mtu asiyemjua. Akaenda kwa dada yake. Neno aliloliacha lilikuwa fupi. Jumamosi saa sita mchana angerudi. Akikuta dumu limemwagwa, atafungua mzigo wake. Akilikuta pale pale, atachukua nguo zilizobaki, na wasitafutane tena.

Sasa ilikuwa saa nne na nusu, na dumu lilikuwa bado stoo.

— Nenda ukalimwage, alisema Mkasi. Bia utapika nyingine. Mke huwezi kumpika.

— Zimebaki siku tatu tu iwe tayari, alisema Karani.

— Siku tatu za kufanya nini? Za kumsikiliza anavyokoroma?

Karani alikunywa kahawa yake. Hakuwaambia kwamba mara mbili wiki ile alikuwa amekwenda stoo kwa nia hiyo hiyo ya kulimwaga, na mara zote mbili alijikuta mlangoni amesimama kwa ncha za vidole, viatu mkononi, akiogopa kuamsha. Mara zote mbili alirudi nyuma na kuurudishia mlango polepole.

Fundi Saa alikuwa ameliona dumu kwa macho yake. Jumatano alikwenda na saa yake nzuri, akaketi mbele ya kile kikombe akahesabu. Alisema pumzi zilikuwa kumi na sita kwa dakika. Alihesabu dakika kumi, na kila dakika zikawa kumi na sita, hazikuzidi wala kupungua. Alikuwa ametengeneza saa maisha yake yote na hakuwahi kuona kitu kisicho na meno wala springi kikishika majira namna ile. Kisha mara moja mapovu yakasimama kabisa. Dumu likalia kidogo ubavuni, kama kitanda mtu anapogeuka, halafu yakaendelea.

Mkasi alisema ni panya ameingia. Fundi Saa akamjibu kwamba panya hupumua haraka kuliko hivyo, na kwamba panya aliyezama hapumui. Mkasi akaiacha hiyo akachukua nyingine: kwamba Karani ana mazoea ya kuweka kiti stoo alasiri na kusinzia mbele ya dumu, na kitu kichanga huiga kinachokiona. Dumu limejifunza kukoroma kwa mwenye nyumba. Hapo walicheka wote, na Karani naye akacheka kidogo, kwa sababu habari ya kiti ilikuwa kweli.

Fundi Saa ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Alisema kuna jambo ambalo siku ile hakulitaja. Povu lilitoka, ndiyo, lakini kati ya povu na povu maji ya kikombe yalipanda ndani ya mrija, nusu kidole, kisha yakashuka. Dumu halikuwa linatoa hewa tu. Lilikuwa linavuta pia.

Mkasi aligeuza kikombe chake mkononi. Alipozungumza hakuwa tena na sauti ya mzaha.

— Huenda si bia, Karani. Huenda alikuwa humo ndani siku zote, chini ya sakafu ya hiyo stoo, kimya, hana pa kupatia pumzi. Wewe umempa mrija.

Mkasi mwenyewe alionekana kama mtu anayetamani kuyarudisha maneno yake kinywani.

Wakati huo akafika mwanamke mwenye tanuri la mikate la mtaa wa pili, aliyekuja kuchukua saa yake ya ukutani. Aliwasalimu wazee kwa heshima, akapewa saa yake, akasimama kusubiri kikombe, na kwa kuwa wote walikuwa wamenyamaza akauliza kulikoni. Alipoelezwa hakushtuka. Alisema yeye kazi yake ni vitu vinavyoumuka, basi asomewe tangu mwanzo.

Karani alifungua daftari, na sauti yake ikatulia, kwa maana hapa palikuwa na majibu. Alisoma kwa tarehe na saa. Alipasha maji. Akaloweka kimea cha shayiri. Akachuja. Akachemsha saa nzima pamoja na maua ya hopsi, yanayoipa bia uchungu wake. Akapoza. Akamimina. Akafunga.

— Na hamira, mzee?

— Hamira ninayo.

— Uliiweka saa ngapi? Sijaisikia.

Karani alilowesha kidole akarudi ukurasa mmoja nyuma. Baada ya kupoza paliandikwa kumimina, na baada ya kumimina paliandikwa kufunga, na kila mstari ulikuwa na saa yake pembeni. Watu wangapi aliwahi kuwarudisha nyumbani kwa sababu ya mstari mmoja uliokosekana, hakuweza kuwahesabu. Aliingiza vidole kwenye mfuko wa karatasi ulio nyuma ya jalada la daftari, akatoa pakiti ndogo bapa. Ilikuwa imefungwa pande zote nne, kama ilivyotoka dukani.

Mwanamke aliichukua, akaibonyeza, akamrudishia. Alisema kwamba mara nyingine unga ukiachwa wazi huchacha wenyewe, kwa kinachopita hewani. Aliwahi kuona. Lakini huo huchacha ovyo ovyo, leo povu, kesho kimya. Hauhesabiki.

— Basi kilichoingia humo, alisema Mkasi, na hakumalizia.

Karani alisimama, akafunga vifungo vya koti.

— Nakwenda kulimwaga.

— Tunakwenda wote, alisema Fundi Saa, akaweka birika chini.

Simu ya Karani ikalia. Ilikuwa simu ya zamani yenye sauti kubwa, na benchi zima lilisikia kwamba ni mkewe. Alikuwa ameondoka kwa dada yake mapema, na alikuwa ameshafika nyumbani.

— Nimeingia kwa ufunguo wangu, Baba watoto. Ahsante sana.

— Ahsante ya nini?

— Ya dumu. Nimelikuta tupu, limekauka, hata mfuniko umeuweka pembeni vizuri. Sikutegemea. Nimeshaanza kufungua mzigo.

Karani aliwatazama wenzake mmoja mmoja. Hakuna kati yao aliyekuwa na ufunguo wa nyumba yake. Saa tatu asubuhi, alipotoka, dumu lilikuwa limejaa na mrija ulikuwa ndani ya maji.

— Ila ungeniambia kwamba tuna mgeni, aliendelea mkewe, na sasa alikuwa akinong'ona, kama anavyonong'ona mtu mwenye adabu penye aliyelala. Ningekuja na kitu cha kupika. Ni nani huyu kitandani kwetu, amejifunika mpaka kichwani?

Fundi Saa alikuwa ameushika mguu wa benchi. Mwanamke wa mikate aliikumbatia saa yake kifuani.

— Toka nje, mke wangu, alisema Karani. Polepole. Mlango uache wazi.

Kisha akamsikia mkewe, mbali kidogo, amegeuza uso upande mwingine, akiitikia kwa upole:

— Marahaba.